Tunaikimbia, tunaikimbiza au tunaifukuzia? Kiswahili cha dhoruba katika nyanda za Kano

Jumamosi moja alasiri nilijibanza kwenye benchi la nyuma katika kibanda cha kuonyeshea filamu hapa Awasi, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Kericho. Filamu ilikuwa Twisters, ile ya mwaka 2024 iliyoongozwa na Lee Isaac Chung, inayosimulia habari za vijana wanaozunguka nyanda za Oklahoma, Marekani, kwa magari wakitafuta tonado. Sauti za waigizaji zilikuwa zimepunguzwa, na juu yake ikapandishwa sauti ya dijei anayesimulia kwa Kiswahili cha mtaani. Gari la kwanza lilipochoma mbuga kuelekea kwenye wingu jeusi, dijei akapaza sauti: "Oneni hawa watu! Wenzao wanakimbia kimbunga, wao wanakifukuzia kama deni!"

Kibanda kizima kiliangua kicheko. Mimi nikatoa kalamu.

Nilitoa kalamu kwa sababu siku chache kabla yake nilikuwa nimesoma makala ya burudani kuhusu filamu hiyohiyo, na mwandishi wake, mtu aliyesoma bila shaka, aliwaita vijana hao "wakimbizaji wa dhoruba". Nilisoma mara mbili kabla ya kuelewa. Dijei wa Awasi alieleweka mara moja. Swali likanikaa: ni vipi msimulizi wa kibandani awashinde wasomi katika kuchagua kitenzi? Na je, huyo dijei naye yuko sawa kwa yote? Maana dakika kumi baadaye aliharibu.

Leo basi nataka kuhakiki Kiswahili tunachotumia kusimulia dhoruba. Msomaji asidhani ni suala la wapenda kamusi peke yao. Katika nyanda hizi za Kano, neno la dhoruba likikosewa kuna watu na mifugo watakaolipia.

Tuanze na hao wanaosimuliwa. Kazi yao ilianzishwa na watu wachache katika miaka ya 1950. Anayetajwa sana kuwa mwasisi ni David Hoadley, wa jimbo la North Dakota, aliyeanza kuzifuata dhoruba kwa gari mwaka 1956. Baadaye wakaja wanasayansi, wapiga picha, watalii, na siku hizi watu wanaojirekodi kwa simu ili watazamwe. Mhandisi Tim Samaras wa Colorado alijulikana kwa kubuni vyombo vidogo vyenye umbo la kofia ya chuma, ambavyo aliviweka ardhini kwenye njia ya tonado. Mwaka 2003, karibu na kijiji cha Manchester, South Dakota, kimojawapo kilipitiwa na tonado na kikapima kushuka kwa kanieneo ya hewa kwa milibari 100. Miaka kumi baadaye, tarehe 31 Mei 2013, Samaras, mwanawe Paul na mwenzao Carl Young waliuawa karibu na mji wa El Reno, Oklahoma, na tonado ambayo upana wake ulifika kilomita 4 na ushei.

Tazama wanachokifanya hasa. Samaras hakuwa akiifuata tonado kwa nyuma kama mbwa anayemfuata sungura. Alisoma mawingu, akakisia mkondo wake, akaitangulia, akaweka chombo chake, kisha akaondoka haraka. Mara nyingi anayeitwa mfukuzaji huwa mbele ya anachokifukuza. Kiingereza kina kitenzi kimoja tu kwa yote hayo, nacho kimekwisha kuwa jina la kazi. Sisi tunaotafsiri tuna vitenzi kadhaa, na hapo ndipo ugumu wetu ulipo. Ndipo utajiri wetu ulipo pia.

Kukimbia ni kitenzi chenye uzao mwingi. Mtu hukimbia mvua: anaondoka isije ikamkuta. Hukimbilia nyumbani: anakwenda huko kutafuta usalama. Akimkimbiza mwizi, nia yake ni kumkamata; akiwakimbiza ndege shambani mwa mpunga kule Ahero, nia yake ni waondoke; akimkimbiza mgonjwa hospitalini, wanakwenda wote. Tanzania wapo wakimbiza Mwenge, na hao huubeba Mwenge wa Uhuru kutoka mkoa hadi mkoa. Hakuna anayedhani kwamba Mwenge unawatoroka. Kwa hiyo ukiniambia "mkimbizaji wa dhoruba" bila maelezo, unaniachia fumbo. Anaikamata? Anaifukuza iende mbali? Anaibeba? Na masikio ya mkulima yatachagua maana iliyo karibu naye zaidi, yaani ile ya ndege wa mpunga. Ataelewa kwamba Wamarekani wamepata watu wa kufukuza dhoruba isimwangukie mtu.

Tena mkulima huyo hatakuwa amekosea sana, kwa sababu watu wa namna hiyo waliwahi kuwepo karibu naye. Ukisimama Awasi, kaskazini unaona ukingo wa Nandi umenyanyuka kama ukuta, na mashariki nchi inapanda kuelekea mashamba ya chai ya Kericho. Mchana upepo wa ziwani huvuma kutoka Ghuba ya Winam, ukapita juu ya Kano, ukapanda hizo nyanda za juu na kukutana na pepo zinazotoka mashariki. Hewa hiyo yenye unyevu hulazimika kupanda, mawingu hujengeka, na ifikapo alasiri huko juu hunyesha mvua ya mawe. Kericho na Nandi zimetajwa kwa miaka mingi miongoni mwa sehemu zinazopata mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Chai haipendi mawe hayo, yanachana majani. Ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 1960 wenye mashamba ya Kericho walijaribu kurusha roketi zenye baruti mawinguni, na kuanzia mwishoni mwa muongo huo kampuni ya Kimarekani, Atmospherics Incorporated, ikarusha ndege zilizozifuata dhoruba hizo na kuzinyunyizia iodidi ya fedha ili kuyapunguza mawe makali. Mabishano juu ya mafanikio ya kazi hiyo yaliendelea kwa muda mrefu.

Marubani wale walikuwa wakimbizaji wa dhoruba kwa maana yetu kamili. Walizifuata ili waziondolee nguvu. Samaras alizifuata ili azipime. Kiswahili kikitumia neno moja kwa wote wawili, kimepoteza tofauti ambayo Kiingereza chenyewe kinaitaka. Na Twisters yenyewe imejengwa juu ya tofauti hiyo. Mhusika mkuu, Kate, ana ndoto ya kutumia kemikali kuifyonza tonado unyevu ife. Tyler, mpinzani wake wa mwanzoni, anaingia katikati yake arushe fataki apate watazamaji. Mmoja anataka kuikimbiza, mwingine anaifukuzia. Msimulizi asiye na vitenzi viwili hawezi kuisimulia hadithi hiyo.

Nimelitumia neno la dijei makusudi. Najua wenzangu wa usanifu watakunja uso. Kwa kanuni za unyambuaji, kufukuza ni kutoa mtu mahali aondoke, na kufukuzia kungekuwa kufukuza kwa ajili ya mtu, au kufukuza kuelekea mahali. Lakini sikiliza watu wanavyosema kutoka Kondele hadi Kayole. Kijana anafukuzia kazi. Mfanyabiashara anafukuzia tenda. Mwingine anafukuzia msichana, na mwenye duka anafukuzia deni lake. Kiambishi kile cha -i- kimeigeuza nia ya kitenzi. Kufukuza ni kukisukuma kitu kiende. Kufukuzia ni kukiandama kwa sababu unakitaka, tena mara nyingi ukijua kwamba kinaweza kukuponyoka au kukuumiza. Hakuna neno la kamusi linalobeba yote hayo. Kuwinda kunadai nyama mwishoni. Kufuatilia ni kwa karani mwenye faili. Kuvizia kunafaa kwa Samaras anayeitangulia tonado na kuisubiri, ila kunanuka ujambazi. Mimi nimeshawishika: wafukuzia dhoruba. Umbo hilo linafuata njia ileile ya wakimbiza Mwenge, halihitaji tanbihi, na mtoto wa darasa la nne hapa Awasi analielewa. Lugha ya mtaani ikikamilisha kazi ambayo sisi tumeshindwa kuikamilisha, heshima ni kuipokea.

Hapo nimemsifu dijei. Sasa nimseme.

Kosa lake la kwanza ni kosa la magazeti yetu pia. Kila upepo uliozunguka katika filamu ile aliuita kimbunga. Kwa mazungumzo ya kawaida sitamkamata mtu shati. Lakini neno hilo sasa lina kazi rasmi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inalitumia kwa dhoruba kubwa za Bahari ya Hindi ambazo hupewa majina: Kimbunga Idai na Kimbunga Kenneth mwaka 2019, Kimbunga Jobo mwaka 2021, Kimbunga Hidaya mwaka 2024. Kimbunga cha namna hiyo kina upana wa mamia ya kilomita, huzaliwa juu ya bahari yenye joto, huonekana kwenye picha za setilaiti siku kadhaa kabla ya kufika. Tonado ni mnyororo wa upepo unaoning'inia kutoka winguni hadi ardhini, mara nyingi hauzidi mita mia chache kwa upana, na huishi dakika tu. Onyo la kimbunga linakupa siku. Onyo la tonado linakupa muda wa kumbeba mtoto.

Mei 2024, Hidaya ilipokuwa ikielekea kisiwa cha Mafia, shangazi yangu alinipigia simu kutoka hapa. "Mwanangu, redio inasema kimbunga kinakuja. Nifunge mabati kwa waya?" Nikamwambia kimbunga hicho kiko baharini, mbali sana nasi. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali ambalo sijalisahau: "Sasa ile iliyong'oa paa la kanisa hapa mwaka jana mliita kimbunga. Hiyo ilitoka bahari gani?"

Sikuwa na jibu la kujivunia. Iliyong'oa paa ilikuwa, kwa maelezo ya walioiona, hewa baridi iliyoporomoka kutoka kwenye wingu la mvua na kutawanyika kwa kasi ilipogonga ardhi. Huo ni upepo mkali wa dhoruba, basi. Hauzunguki, hauna jina, na ndio unaoezua mapaa mengi kwetu. Tonado za kweli ni nadra hapa karibu na ikweta, ambako pepo za chini na za juu kwa kawaida hazipishani kwa nguvu kama zinavyopishana kwenye nyanda za Marekani. Ziwani huonekana nguzo za maji zinazozunguka, ambazo wavuvi wa Winam wanazijua vizuri na kuzikwepa. Na hapa nchi kavu, wakati wa kiangazi, kuna vile vizunguko vya vumbi ambavyo Wajaluo huviita kalausi.

Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa yote hayo, ila tumeyaweka kabatini. Chamchela ni upepo wa kuzunguka unaonyanyua vumbi na majani. Ndiyo kalausi hiyo. Kisulisuli ni upepo mkali zaidi wa kuzunguka, na kila aliyesoma Biblia ya Kiswahili ya Union Version anamjua nabii aliyechukuliwa nao kwenda mbinguni. Kwa tonado ya Oklahoma ningesema kisulisuli, au tonado yenyewe kwa tahajia yetu. Tufani na dhoruba ni maneno mapana, yanachukua mvua, upepo na mawimbi kwa pamoja. Kimbunga tukiachie bahari. Mtu akikataa utaratibu huu kwa sababu kamusi zinaruhusu kimbunga kwa kila kitu, nitamtuma kwa shangazi yangu amjibu swali lake.

Kosa la pili la dijei lilinikera zaidi. Umeme wa mbinguni ulipomulika kwenye filamu, alisema, "Stima imepiga!" Watu wakacheka tena. Mzaha mzuri, nakubali, lakini una historia mbaya. Katika Kiswahili cha Kenya umeme umekuwa kwanza kitu cha nguzo na waya, kitu cha tokeni na bili. Kwa hiyo mwandishi anapoandika kwamba mwanafunzi amefariki "baada ya kupigwa na umeme", msomaji hajui ni wingu au ni waya uliokatika. Nimekutana na habari za aina hiyo ambazo nimelazimika kuzisoma hadi aya ya tano kabla ya kujua. Na tofauti hiyo ni kubwa. Kama ni waya, kuna mtu wa kuulizwa. Kama ni wingu, kuna mti, uwanja au paa la kuzungumziwa.

Mapokeo ya lugha yetu yametenganisha mambo vizuri. Umeme ni ule mwanga. Sikio linaulinganisha lenyewe na kumeta na kumemeteka. Ngurumo ni mngurumo, sauti inayokuja baadaye. Radi ni kile kinachoshuka na kuua. Neno radi limetoka Kiarabu, ambako maana yake ni sauti hiyo ya ngurumo, lakini kwetu limehama kutoka kwenye sauti hadi kwenye pigo lenyewe, na hakuna haja ya kulirudisha. Kijaluo kinafanya vivyo hivyo kwa njia yake: mil polo ni mwanga, mor polo ni sauti, na polo pekee, neno lilelile la mbingu, ni kile kinachoanguka. Mtoto wa Awasi anayesema lugha mbili ana maneno sita ya kumlinda. Shuleni na redioni tunampunguzia hadi moja, umeme, kisha tunashangaa anapoogopa ngurumo na kuupuuza mwanga.

Mwanga ndio wa kuogopwa. Sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde tatu. Ukiona umeme, ukahesabu sekunde, na ngurumo ikafika kabla ya thelathini, basi radi iko ndani ya kilomita kumi nawe, na inayofuata yaweza kuwa yako. Mtu anayesema "ngurumo bado iko mbali, nitamaliza mstari huu wa kulima" amechanganya maneno matatu, na kuchanganya huko kwaweza kummaliza.

Nafika sasa kwenye neno dogo lililonifanya niandike makala haya, yaani kupigwa.

Nilipokuwa darasa la sita, ng'ombe wanne wa babu yangu walikufa wakati mmoja chini ya mkuyu mkubwa uliokuwa mpakani mwa shamba. Jioni ilikuwa ya kawaida ya mwezi wa Aprili: joto, kisha mawingu kutoka upande wa Nandi, kisha kiza. Tulisikia mlio mmoja. Mvua ilipotulia tuliwakuta wamelala karibu karibu, bila jeraha lolote. Mti ulikuwa na ufa kutoka juu hadi chini. Watu wazima walisema kwa Kijaluo na kwa Kiswahili, maana walikuwepo wageni wa sokoni: wamepigwa. Kisha likaja swali ambalo kitenzi hicho hulialika. Kupigwa kuna mpigaji. Nani amewapiga? Radi moja iwapigeje ng'ombe wanne, tena ng'ombe wa mtu mmoja? Kuna jirani, mama mjane, ambaye wiki iliyotangulia alikuwa amekosana na babu kuhusu mpaka uleule. Hakuna aliyemshtaki mbele ya chifu. Watu walianza tu kumpita njiani bila salamu. Kabla ya mwaka kwisha alihamia kwa ndugu zake ng'ambo ya ziwa, na shamba lake likabaki na magugu.

Nilipata kuelewa miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu. Radi iliupiga mti. Mkondo ukashuka kwenye mizizi na kusambaa ardhini pande zote. Ng'ombe akisimama, miguu ya mbele na ya nyuma iko mbali. Mkondo huingilia kwato za mbele na kutokea za nyuma, ukipita moyoni njiani. Ndiyo maana ng'ombe wengi hufa pamoja, na mtu aliyesimama kando yao aliyebana miguu anaweza kupona. Hakuna hata mmoja wa ng'ombe wale aliyepigwa. Waliuawa na ardhi waliyoikanyaga.

Sisemi kwamba kitenzi kingemwokoa mama yule. Chuki hutafuta njia yake. Lakini lugha ya tukio lile haikutuachia njia nyingine ya kufikiri. Kila mtu alisema "wamepigwa", na ukishasema hivyo umekwisha weka mkono nyuma ya pigo. Kama mmoja wetu angesema "radi imepiga mti, ng'ombe wamekufa chini yake", sentensi hiyo peke yake ingekuwa na maelezo ndani yake.

Na mambo haya si ya ng'ombe tu. Mwezi Juni 2011, katika Shule ya Msingi ya Runyanya, wilayani Kiryandongo nchini Uganda, radi moja iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao. Walikuwa shuleni, ndani ya jengo ambalo halikuwa na kinga yoyote. Leo kuna mtandao wa ACLENet wenye makao yake Uganda unaofunga vikingaradi kwenye shule na kuwafundisha walimu. Hata neno kikingaradi ni la kutazamwa. Chombo chenyewe hakizuii radi. Kinaipokea na kuiongoza ardhini kwa waya, mbali na watoto. Lakini nitaliacha neno hilo lilivyo, maana anayekingwa ni mtoto.

Mapendekezo yangu kwa wahariri wenzangu ni mepesi. Tuandike "kuuawa na radi" badala ya "kupigwa na umeme", kwa sababu kauli hiyo ni ya kweli iwe radi imemfikia mtu moja kwa moja au imempitia ardhini. Tuseme radi ilipiga nini kwanza: mti, paa, antena, mtumbwi. Tusimalize habari kabla ya kusema marehemu alikuwa amesimama wapi. Ziwani onyo lina uzito wa pekee, maana huko dhoruba kali hujengeka hasa usiku, wakati wavuvi wa omena wako kazini na taa zao. Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliongoza mradi wa HIGHWAY kuanzia mwaka 2017 ili utabiri wa Ziwa Victoria uwafikie watu kama hao. Mitambo inaweza kuliona wingu. Mwisho wa yote, hata hivyo, onyo ni sentensi inayosomwa na mtangazaji, ikasikiwa na mtu mwenye kasia mkononi.

Nirudi kibandani. Nilisema dijei aliharibu baada ya dakika kumi, na sikumaanisha kimbunga wala stima. Mwanzoni mwa filamu, Kate na wenzake wanaiacha gari na kukimbilia chini ya daraja la barabara kuu. Dijei akasema kwa furaha, "Wamekimbilia daraja, sasa wako poa!" Sekunde chache baadaye upepo ukawanyakua wenzake mmoja mmoja. Filamu imeweka tukio hilo pale kwa makusudi, maana chini ya daraja upepo hubanwa na kuzidi kasi, na wataalamu wa Marekani wamekuwa wakiwaonya watu wasijifiche huko. Msimulizi alipaswa kutulia, au kusema "hapo si pahali". Badala yake alikifanya kifo chao kionekane bahati mbaya. Na mbele yangu walikaa vijana zaidi ya ishirini ambao kila alasiri ya mvua hukimbilia chini ya mwembe.

Hapo ndipo kitenzi cha tatu kinapotuhusu. Oklahoma wanaifukuzia dhoruba. Kericho walijaribu kuikimbiza. Sisi wa Kano tunaikimbia, na jambo la kuuliza ni tunakimbilia wapi. Gari lenye bati juu ni mahali pazuri. Jengo kubwa lenye nyaya na mabomba yaliyozikwa ardhini ni pazuri. Mti ulio peke yake ni mahali pabaya kuliko pote, na kibanda cha mabati kilichosimikwa kwenye miti hakina cha kujivunia mbele yake. Twisters inafikia kilele chake watu wakiwa wamejificha ndani ya jumba la sinema mjini El Reno, na upepo ukaung'oa ukuta wenye skrini. Watazamaji wa Awasi, ndani ya kibanda chao, hawakucheka hapo.

Filamu ilipokwisha kulikuwa na kiza upande wa Nandi, na umeme ulikuwa ukimulika bila sauti. Mwenye kibanda alizima jenereta. Nilimsogelea yule kijana anayekata tiketi, ambaye niliwahi kumfundisha, nikamweleza habari ya mkuyu wa babu kwa kifupi, na ya kuhesabu sekunde. Alisikiliza kwa adabu, macho yake mlimani. Umeme ukamulika. Alihesabu kwa midomo, nikamwona akifika ishirini na mbili ngurumo ilipotufikia.

Wateja wawili walikuwa wameshaanza kutembea haraka kuelekea kwenye mwembe ulio nyuma ya stendi. Kijana akawaita kwa sauti kuu: "Nyinyi! Msikimbilie mti! Radi iko karibu, ingieni kwa matatu!"

Ingekuwa ni habari ya gazeti, nisingebadilisha neno.